Lile Rundo la Makaa ni la Nani?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya vijana wa chama mwezi uliopita. Wengi mliomba niyaandike kwa sababu spika za ukumbini zilikuwa zinakoroma. Nimesafisha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

  Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti ameshanitupia lile jicho lake, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kwenye ratiba mmeandikiwa kwamba nitazungumzia "Sheria na Rasilimali za Taifa". Nimebadilisha. Leo nazungumzia taka. Taka za makaa ya mawe, na watu wanaotuambia kwamba taka hizo zitageuzwa kuwa gesi, gesi iwe umeme, umeme uwe maendeleo.

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema mimi atalisema mjomba wangu.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimekwenda likizo kijijini kwa mama yangu, kusini. Huko makaa yanachimbwa, malori yanapita usiku na mchana, hilo hamhitaji kuhadithiwa. Mjomba akanipa karatasi ya kurasa tatu. Kuna kampuni, na jina silitaji kwa sababu nasoma sheria na najua kashfa ni nini, ilikuwa inaomba kijiji kiipe eneo la kuweka "mabaki ya usafishaji wa makaa kwa muda". Ukurasa wa pili ulisema mabaki hayo "yatageuzwa kuwa gesi kwa ajili ya kuzalisha umeme" na kijiji kitapewa kipaumbele. Mjomba akasema, "Wewe ndiye wakili wetu. Soma, utuambie." Wazee sita wamekaa kwenye benchi, wananitazama. Nina miaka kumi na tisa, nimetoka kupata B ya somo la mikataba, kichwa kimejaa. Nikasoma, nikakunja ile karatasi, nikasema: "Mjomba, hii haina shida."

Leo ni mwaka wa tatu. Rundo lipo, na limekua. Masika ikifika, maji meusi yanashuka bondeni hadi kwenye bustani. Mama mdogo ameacha kupanda mboga upande wa chini. Mtambo haupo, hata msingi wake haujachimbwa. Na ile kampuni iliyosaini, ukiitafuta leo, utakuta eneo limeshapita kwa kampuni nyingine yenye jina jingine.

Sikuja kuwalilia. Nimekuja kuwaeleza nilichopaswa kukijua siku ile kwenye benchi. Kimenichukua miaka miwili kukisoma, nyinyi mtakisikia kwa dakika kumi na saba zilizobaki.

Makaa ya mawe hayatoki ardhini yakiwa safi. Yanatoka na mawe, udongo, vumbi. Mnunuzi wa nje hataki kulipia mawe, kwa hiyo makaa yanachekechwa na wakati mwingine yanaoshwa: makaa ni mepesi yanaelea, jiwe ni zito linazama. Kinachotupwa ni vya aina mbili. Kuna vipande vya mawe vilivyoshikana na makaa, na kuna chenga, zile laini kabisa, ambazo zikichanganyika na maji zinakuwa tope jeusi. Ndani ya vyote viwili bado kuna moto. Ndiyo maana watu wetu wanaokota. Bibi yangu alijaribu kufinyanga chenga zile na udongo, kama tunavyofanya na vumbi la mkaa wa miti, akawasha jikoni. Nyumba nzima tulitoka nje tukikohoa. Hakurudia.

Halafu kuna taka ya aina nyingine, ambayo wengi hawaijui. Mmeona tanuri la mkaa porini? Unapanga magogo, unafukia kwa udongo, unachoma polepole bila kuachia hewa. Moshi na maji vinatoka, unabaki na mkaa. Makaa ya mawe nayo ukiyapika hivyo, gesi na lami zinatoka, kinabaki kitu chepesi chenye vitundu vitundu, kaboni na majivu. Wataalamu wanakiita chari. Tuseme ni mkaa wa makaa ya mawe. Viwanda vinavyopika makaa vinakibakisha, na hata mitambo yenyewe ya gesi inakitema kikiwa hakijaisha.

Sasa hiyo kugeuza kuwa gesi ni nini? Unaichukua kaboni, unaipasha moto kupita nyuzi 800, mitambo mingine inakwenda zaidi ya 1,300. Unaipa oksijeni kidogo, isitoshe kuwaka sawasawa, na unaipuliza mvuke wa maji. Kaboni inaunyang'anya mvuke oksijeni yake. Inatoka gesi mchanganyiko, kaboni monoksidi na haidrojeni. Hiyo kaboni monoksidi mnaijua. Ndiyo inayoua watu Njombe na Makete wakati wa baridi, wale wanaolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa. Haina rangi, haina harufu. Mtambo wa gesi unatengeneza kwa makusudi, kwa wingi, kile ambacho jiko la mkaa linakitengeneza kwa bahati mbaya.

Na inafanya kazi, jamani. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu kuna wenzetu wanaodhani kila kinachotoka mdomoni kwa mwekezaji ni uongo. Gesi hiyo unaweza kuiunguza upate umeme. Unaweza kuitoa haidrojeni yake ukatengeneza amonia, na kutoka kwenye amonia ukapata mbolea ya urea. China sehemu kubwa ya amonia yao inatokana na makaa. Mkulima wa mahindi wa Ruvuma anayehangaikia mfuko wa mbolea kila msimu, ukimwambia hivyo masikio yanasimama, na ni haki yake. Afrika Kusini wanatengeneza petroli na dizeli kutoka kwenye makaa tangu mwaka 1955, pale Sasolburg, kisha wakajenga Secunda kubwa zaidi. Hispania, pale Puertollano, walikuwa na mtambo uliochanganya makaa mabovu yenye majivu mengi na mabaki ya kiwanda cha kusafishia mafuta, nusu kwa nusu, ukazalisha umeme kwa miaka. Kwa hiyo karatasi ya mjomba haikudanganya kuhusu sayansi. Ilikaa kimya kuhusu mengine yote.

La kwanza ni mawe. Ndugu zangu, gesi inatoka kwenye kaboni, haitoki kwenye jiwe. Makaa mazuri yana majivu kidogo. Kinachotupwa kinaweza kuwa na majivu karibu nusu ya uzito. Chukua tani 100 za taka yenye majivu 45 kwa mia. Ukiigeuza kuwa gesi, hata mtambo ukifanya kazi kikamilifu, unabaki na tani 45 za majivu. Rundo limepungua, halijaondoka. Na yale mawe uliyapasha moto nayo, umepoteza joto lako bure. Mjomba na wazee walielewa kwamba rundo "litaliwa". Mimi pia nilielewa hivyo. Hakuna mtambo unaokula jiwe.

La pili linachekesha, kama una moyo wa kucheka. Mitambo maarufu ya Secunda inataka makaa ya mabonge. Gesi lazima ipenye katikati ya mabonge kwenda juu. Ukimwaga chenga unaziba njia. Kwa hiyo chenga zao haziingii kwenye mitambo ya gesi, zinakwenda kuchomwa kwenye matangi ya mvuke. Umeona? Mtambo anaoutaja mtu akitaka kukushawishi ndio huo huo usiokubali taka yako. Ipo mitambo ya aina nyingine inayokubali chenga. Mjerumani Winkler alitengeneza wake, ukaanza kazi Leuna mwaka 1926: unapuliza hewa kutoka chini, chenga zinachemka kama uji kwenye sufuria. Lakini nao una ugonjwa wake. Vumbi la chari linapeperuka na gesi kabla kaboni haijaisha, kwa sababu chari ni mvivu, haigeuki gesi haraka kama makaa mabichi. Karibu miaka 100 baadaye, China bado wanatafuta pa kuyapeleka mabaki laini ya mitambo yao ya gesi, yenye kaboni ambayo haikuungua. Yaani taka ya kutibu taka.

Basi mtu akija na neno "gesi", muulize mtambo wa aina gani, unakubali kitu cha ukubwa gani, na majivu kiasi gani. Akibabaika, hajaununua.

Fedha nitaipitia haraka. Marekani, jimbo la Mississippi, walianza kujenga mtambo wa kugeuza makaa duni kuwa gesi pale Kemper kwa bajeti ya chini ya dola bilioni 3. Gharama zikapita bilioni 7. Mwaka 2017 wakaachana na gesi ya makaa, wakabaki wanaunguza gesi asilia ya bomba. Hao ni Wamarekani. Huo wetu ulikuwa unajengwa kwa sentensi moja kwenye ukurasa wa pili.

Kwenye chai ndugu mmoja aliniuliza: hata kama majivu yanabaki, si bora taka itumike kuliko ikae? Namjibu hapa hadharani: ndiyo, mara nyingi ni bora. Rundo la taka za makaa halilali. Mara nyingi mna madini ya chuma na salfa ndani yake. Yakikutana na hewa na mvua yanatengeneza asidi, asidi inayeyusha metali, maji yanashuka. Rundo lenyewe linaweza kujiwasha moto ndani kwa ndani na kufuka kwa miaka. Afrika Kusini inakadiriwa wana zaidi ya tani bilioni 1 za mabaki ya namna hii, na watu wa eMalahleni wanajua maji na hewa vinageukaje. Na mtambo wa gesi una faida moja ya kweli: salfa unaikamata kabla ya kuunguza, ikiwa bado kwenye gesi kidogo, kuliko kuifukuzia kwenye moshi wa bomba refu. Lakini hewa ya ukaa haiishi, ni makaa yale yale. Secunda inatajwa miongoni mwa vyanzo vikubwa zaidi duniani vinavyotoa hewa hiyo mahali pamoja. Na maji yanayosafishia gesi yanatoka na lami na fenoli, ambayo ni sumu. Ukiyamwaga mtoni umehamisha tatizo kutoka kilimani kwenda kwenye ndoo ya mama.

Haya, hiyo ilikuwa sayansi. Sasa nije nyumbani kwangu, kwenye sheria.

Lile rundo ni la nani?

Msicheke. Ndilo swali gumu kuliko yote, na siku ile sikuliuliza. Makaa yakiwa ardhini, Sheria yetu ya Madini iko wazi: madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwekezaji anapewa leseni, anachimba, analipa mrabaha. Lakini akishachimba, akachagua mazuri, akatupa mabaya kwenye ardhi ya kijiji, yale mabaya ni madini bado? Au ni uchafu wake? Leo ni uchafu, hakuna anayeutaka. Siku teknolojia ya gesi ikishuka bei, ule uchafu unakuwa mali, na hapo mtaona watu wanatoka kila upande na makaratasi.

Afrika Kusini swali hili lilifika mahakamani. Kesi ya De Beers dhidi ya Ataqua Mining, Mahakama Kuu ya Free State, mwaka 2007. Ni mabaki ya almasi, ya mgodi wa zamani wa Jagersfontein, sio makaa, ila hoja ni ile ile. Mahakama ikasema mabaki yaliyotupwa kabla ya sheria yao mpya ya madini kuanza kutumika si "madini" kwa maana ya sheria hiyo, ni mali ya mwenye nayo inayohamishika. Kama meza. Kama baiskeli. Msomi mmoja atafurahia mantiki yake, mimi mwenyewe niliifurahia nilipoisoma maktaba. Lakini tazama kilichofuata. Kama si madini, basi wizara ya madini haina mkono wa kuyasimamia. Mwenye rundo akaendelea kuliosha upya kutafuta almasi zilizosahaulika, bwawa la tope likazidi kupanda. Tarehe 11 Septemba 2022, ukuta wa bwawa ukapasuka. Tope likasomba nyumba, watu wakafa. Na siku ile ile wizara ikajitetea kwa hukumu ile ile: hatukuwa na mamlaka.

Tafsiri ya neno moja, vijana. Ndiyo maana nawaambia someni sheria, na msisome za uchaguzi peke yake.

Na msidhani ni mabaki ya almasi tu yanayoua. Wales, kijiji cha Aberfan, tarehe 21 Oktoba 1966, rundo la taka za makaa lililowekwa mlimani, juu ya chemchemi, liliporomoka asubuhi likafukia shule ya msingi. Walikufa watu 144, watoto wakiwa 116. Mgodi ulikuwa wa shirika la umma. Dunia nzima ikachangia wafiwa. Kisha walipodai marundo mengine yaliyobaki juu ya kijiji yaondolewe, serikali ikachukua pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa michango yao wenyewe kulipia kazi hiyo. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila riba. Nalisema hili kwa sababu katika chama chetu kuna wanaoamini kwamba mgodi ukiwa wa serikali tu, basi mwananchi yuko salama.

Swali la pili la sheria: mwenye rundo akifa, nani anazika? Nazungumzia kampuni, maana kampuni nayo ni mtu kisheria, inazaliwa na inakufa, na wakati mwingine inakufa kwa makusudi.

Australia, jimbo la Queensland, karibu na mji wa Chinchilla, kampuni ya Linc Energy ilijaribu kugeuza makaa kuwa gesi yakiwa bado chini ya ardhi. Wanatoboa, wanawasha moto huko chini, wanavuta gesi juu. Miamba ikapasuka, gesi ikavuja kwenye ardhi ya wakulima. Mwaka 2015 serikali ikatangaza eneo la kilomita za mraba 320 ambalo mtu hatakiwi kuchimba kwa kina bila tahadhari. Mwaka 2016 kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Mwaka 2018 ikapatikana na hatia ya kuharibu mazingira kwa makusudi, faini dola za Australia milioni 4.5. Kizimbani hakukuwa na mtu wa kuitetea, na mfukoni hakukuwa na kitu cha kulipa. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Queensland ikakubaliana na wafilisi kwamba wanaweza kuikana ile ardhi, na wakishaikana hawafungwi tena na amri ya serikali ya kuisafisha. Yaani unaandika barua, unasema ardhi hii si yangu tena, unakwenda zako.

Lakini Queensland hawakukaa. Mwaka 2016 walipitisha sheria ya kufuata mnyororo: kampuni ikifa, amri ya kusafisha inaweza kumfuata mzazi wake, au mtu aliyenufaika nayo, au aliyekuwa na usemi ndani yake. Nilipoisoma nilikumbuka ile kampuni yetu yenye jina jipya.

Na sisi tuna nini? Tuna vitu, tena si vidogo. Katiba ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Sheria hiyo imeandika kanuni ya mchafuzi kulipa. Inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla mradi haujaanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuandika barua ofisini ukaomba nyaraka. Nani hapa amewahi kuiandika? ... Mikono mitatu. Kwenye ukumbi wa watu mia moja na kitu.

Sasa rudi kwenye karatasi ya mjomba. Nimeisoma tena mara nyingi kuliko vitabu vyangu vya mtihani, na ugonjwa wote uko kwenye neno moja: "yatageuzwa". Mabaki yatageuzwa kuwa gesi. Na nani? Neno halisemi. Kiswahili chetu kinaruhusu tendo litendeke bila mtenda, na wanaoandika mikataba wanalijua hilo kuliko walimu wa lugha. Yatageuzwa lini? Halisemi. Kwa mtambo gani, fedha ya nani? Na yasipogeuzwa? Halafu "kwa muda", muda usio na tarehe. Halafu "mabaki", bila tafsiri: ni mawe, ni chenga, ni tope, ni chari, ni majivu? Mimi niliyajaza matundu yote hayo kwa matumaini yangu, nikawauzia wazee kama ushauri wa kisheria.

Nilichopaswa kusema kingekuwa kifupi. Andikeni "kampuni itageuza", tena itaje na tarehe. Fedha ya kuondoa rundo iwekwe kama dhamana kabla lori la kwanza halijamwaga, ikae mahali ambapo mfilisi hawezi kuigusa. Maji ya bondeni yapimwe leo, yakiwa bado safi, ili kesho tuwe na cha kulinganisha. Bila kipimo cha kabla, mahakamani unasimama na hadithi. Kampuni ikiuzwa, wajibu uhame na rundo, na yule wa zamani asitoke bila kibali cha kijiji. Na rundo likigeuka kuwa mali siku moja, iandikwe leo kwamba kijiji nacho kina fungu.

Kuna jambo litawaudhi baadhi yenu. Mwaka wa uchaguzi mgombea wetu alifika pale. Wa kwetu, si wa kwao. Alipanda juu ya rundo, akapigwa picha, akasema "tazameni laana ya mfumo huu", tukapiga makofi hadi mikono ikauma, mimi nikiwemo. Picha ile bado inazunguka kwenye magrupu. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kuuliza hata ile karatasi iko wapi. Wa chama tawala wameahidi Mchuchuma tangu mkataba wa 2011, umeme wa megawati 600, nikiwa shule ya msingi; hao tunawasema kila siku na tuna haki. Lakini sisi kwenye rundo lile tumetoa nini zaidi ya picha?

Nakwenda mwisho, mwenyekiti, naona.

Mjomba hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Nilipokwenda Krismasi alinikalisha kwenye benchi lile lile, akaniambia, "Wakili, sasa tusomee tena." Nikawasomea, safari hii neno kwa neno, na kila penye tundu nikasimama. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo siku ile hukujua?" Nikasema, shikamoo mzee, sikujua. Akaitikia marahaba, akatikisa kichwa, akaendelea kusikiliza.

Tumeandika barua mbili kwa Sheria ya Taarifa. Moja ya kuomba cheti cha tathmini ya mazingira ya eneo lile, nyingine ya kuomba nakala ya uhamisho kutoka kampuni ya kwanza kwenda ya pili. Moja imegongwa muhuri wa kupokelewa, ya pili karani alisema tuirudishe na barua ya utangulizi ya mtendaji, jambo ambalo kwenye sheria sijaliona. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha lile eneo tumeutafuta kwenye daftari. Upo. Idadi ya waliohudhuria imeachwa wazi.

Mkutano mkuu unaofuata ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Mimi nakwenda. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nauli kila mtu ajitegemee, chama hakina fedha na nimeshauliza. Namtafuta mtu mmoja aliyesoma kemia au maabara, aje na chupa safi za kuchukulia maji, juu ya rundo na chini ya rundo. Na watu wawili wenye mwandiko mzuri wa kuandika muhtasari. Fulana za chama tuziache nyumbani, wazee wameomba hivyo. Anayetaka kuja anione hapo mlangoni, ninayo nakala ya karatasi ya mjomba kwa kila mmoja. Isomeni kabla ya kupanda basi.